Lundo la Baba

Mtafiti alipoziweka takwimu za nchi yake kando ya zile za nchi jirani, alisukuma kiti nyuma, akashika tama. Mwaka mzima yeye na mwenzake wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakipima gesi moja, nitrasi oksaidi, ile inayotoka kwenye samadi ya mifugo na kuzidi kuipasha dunia joto. Kila mtu alipima kwao, kwa maboksi na sindano za aina moja. Yeye alikuwa na uhakika kwamba nchi yake ingetoka kifua mbele. Ng'ombe wa huku walikaa kwenye mabanda ya saruji na kulishwa vizuri. Wale wa kule walizurura malishoni wakila walichokikuta. Lakini hesabu zilimgeuka. Ng'ombe mmoja wa huku alichangia gesi karibu mara mbili ya mwenzake wa kule.

Akampigia mwenzake simu papo hapo.

"Maboksi yako yanavuja," alisema, hata salamu hakumaliza.

Mwenzake alicheka mpaka akapaliwa. "Na mimi nilitaka kukuuliza kama yako huwa unayapulizia kwa mdomo."

"Sitanii, ndugu yangu."

"Basi nakuja. Nitaleta boksi langu, tupime lundo moja la samadi sote wawili, tujue nani anamdanganya nani."

Wiki iliyofuata akashuka kwenye basi, mrefu kama mlingoti, boksi lake amelikumbatia kama mtoto aliyelala. Lundo la karibu lilikuwa la baba yake mtafiti, karani mstaafu aliyejitosa kwenye ufugaji uzeeni. Mkewe alipenda kusema kwamba mzee huyo hajawahi kumtazama binadamu yeyote kwa jicho analowatazamia ng'ombe wake. Mzee alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamwonyesha banda, akamtajia kila ng'ombe na tabia zake. Alipoona maboksi mawili yanafunikwa juu ya samadi yake na watu wazima wawili wanachuchumaa kuvuta hewa kwa sindano, alimnong'oneza binti yake, "Mama, hii ndiyo kazi niliyokusomeshea?"

"Ndiyo hii, baba."

"Haya. Ilimradi wanakulipa."

Walikimbiza vichupa vya hewa kwenye maabara ya chuo. Jioni majibu yakatoka: maboksi yote mawili yalisema jambo lile lile. Hakukuwa na boksi linalovuja. Uso wa mtafiti ukamshuka.

"Sikiliza," mwenzake akamwambia. "Nyinyi mnawalisha mashudu mengi. Kile ambacho mwili hauhitaji kinatoka na mkojo, kinaingia kwenye lundo, na lundo lenyewe huku bichi, huku kavu. Hapo ndipo gesi hii inapopenda kutokea. Kwetu ng'ombe anakula nyasi kavu, kinyesi kinaanguka huku na huku, jua linakimaliza. Si kwamba sisi ni mabingwa."

"Usinipoze."

"Sikupozi. Gawanya gesi kwa lita za maziwa, uone."

Akagawanya. Kwa kila lita, nchi yake ndiyo iliyokuwa na gesi kidogo, tena kwa mbali, maana ng'ombe wa kule walitoa maziwa kiduchu. Akamtazama mwenzake. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponipigia simu."

"Na ukapanda basi safari yote hiyo?"

"Usingeniamini. Halafu nilitaka kuona unavyoonekana ukiwa umekasirika."

Walicheka hadi msimamizi wa maabara akaja kuchungulia.

Asubuhi yake walimweleza mzee kwa nini lundo lake lilipimwa. Mzee akaweka kikombe chini.

"Nimelea watoto, nimewaoza, hakuna aliyewahi kuniambia nachafua hewa."

"Mimi nimekuambia miaka yote," mkewe akadakia kutoka jikoni.

Mzee akanuna, akaenda kusimama bandani, mgongo amewapa. Mgeni akamfuata. Mtafiti aliwaona wakizungumza, mgeni akiinama kumfikia mzee sikioni, akionyesha paa, akionyesha lundo. Punde mzee akarudi akiburuta turubai kuukuu lililokuwa likifunika kuni.

"Mgeni anasema likifunikwa vizuri, mvua isiliguse, gesi inapungua na mbolea haipotei," alitangaza. "Na mashudu nipunguze kidogo. Kidogo tu, mniachie maziwa yangu."

Walilifunika lundo wote wanne, hata mama alishika ncha moja huku akilalamikia harufu. Siku chache baadaye walipima tena, na gesi ilikuwa imeshuka kweli. Mzee aliomba vipimo vyake asomewe mara mbili.

Basi wakakaa sebuleni kuandika ripoti yao. Hawakuandika nchi ipi imeshinda. Waliandika kila upande ujifunze nini kwa mwenzake, malisho ya kule, maziwa ya huku. Waligombana kidogo juu ya sentensi ya kwanza, kila mmoja akitaka nchi yake itajwe mwanzo, mpaka mtafiti akaiandika ya mwenzake kwanza na kumsogezea karatasi. Mama akawaletea chai. Nje mzee alikuwa akimweleza jirani, kwa sauti ya kusikika njia nzima, namna ya kufunga turubai.