Nani Amepiga Maji?

Siku ya tatu tangu arudi kazini, Timazi alikuta vibarua wameuzunguka ukuta wake kama watu waliofika kwenye ajali. Hakuna aliyemsalimia.

Jina la Timazi alipewa ujanani, kwa sababu kuta zake zilinyooka kama timazi, ule uzi wa fundi wenye risasi chini. Alipozama kwenye pombe waliendelea kumwita hivyo, ila kwa kicheko. Sasa alikuwa na miezi mitano hajaonja tone. Msimamizi alimrudisha kwa sharti moja: siku nikikushuku, beba mwiko wako uende. Mama watoto bado alikuwa kwa dada yake, akisubiri kuona kama safari hii mumewe atatulia.

"Njoo ujionee," msimamizi alisema. Aliweka pimamaji juu ya kozi ya mwisho ya matofali. Kipovu ndani ya kioo chake kikakimbilia upande wa mlango. "Ukuta umelala. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya stoo, nakula."

"Peke yako?"

"Kula nako kunataka mashahidi?"

"Wacha, bosi," kibarua mmoja akadakia. "Pimamaji imepima maji ya jana!"

Wakaangua kicheko. Mjomba, fundi wa ukuta wa pili, hakucheka. Alikuwa anakwangua ndoo iliyokwisha kuwa safi.

Timazi aliutazama ukuta wake. Jana kipovu kilikaa katikati, alikiona kwa macho yake. Au alidhani amekiona? Mtu aliyewahi kuapa kwamba hajanywa, chupa ikiwa mfukoni, hata yeye mwenyewe hajiamini. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alishikwa na kiu anayoijua.

Ndipo akaona kona ya pimamaji imebonyea, na alama yake bado mpya.

"Igeuze," alisema.

"Nigeuze nini?"

"Hiyo. Mwisho wa kulia uje kushoto. Hapo hapo ilipo."

Msimamizi akageuza, kwa shingo upande. Kipovu kikakimbilia upande wa dirisha.

"Ukuta hauwezi kulala pande mbili," Timazi alisema. "Aliyelewa hapa ni huyo uliyemshika."

Kisha Mjomba akaweka ndoo chini. "Jana jioni ilinidondoka kwenye zege. Nilidhani haina neno."

"Na leo umesimama hapo unaniangalia nikifukuzwa?"

Mjomba akainama kuichukua tena ndoo. Msimamizi alisema atatafuta pimamaji nyingine, akaondoka bila hata pole. Kabla ya kupinda kona aligeuka, akamtazama Timazi tena, kuanzia miguuni mpaka machoni.

Saa nne Mjomba alileta kikombe cha chai. "Kunywa, ndugu yangu, yaishe."

Timazi alikipokea, akakisogeza puani.

"Unaninusia chai? Unadhani nimekutilia nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nanusa."

Ilinukia chai, sukari na moshi. Pengine ilikuwa chai tupu. Alikirudisha kikombe kimejaa vile vile.

"Usikasirike, Mjomba. Kuanzia kesho nakuja na chupa yangu ya chai, na haitatoka machoni pangu."

"Utaishi hivyo mpaka lini?"

"Leo nimeishi hivyo mpaka saa nne," alisema Timazi, akaomba asogezewe saruji.