Televisheni Haiondoki

Presha ya macho ilimwingia Mzee Fakihi polepole, na ilipomaliza kazi yake akawa haoni hata mwanga wa mlangoni. Alikuwa mchonga vinyago pale Mwenge tangu ujana wake, mtu wa Newala aliyekuja mjini na patasi zake ndani ya gunia. Sasa alikuwa anashinda nyumbani Kiwalani na mkewe, Mauwa. Kuhusu macho alishalia, akamaliza. Kilichobaki kumkera ni watu. Mgeni anaingia, anakaribishwa chai, halafu anamgeukia Mauwa: "Mzee naye anakunywa na sukari?" Mzee mwenyewe yuko hapo hapo kwenye kochi, masikio yake yote mawili mazima.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijabadilika, nacho ni tamthilia ya jioni. Ilikuwa hadithi ndefu ya ndugu wanaogombea kiwanda cha mbao cha marehemu baba yao, na Fakihi aliifuata tangu siku ya kwanza, akiwa bado anaona. Macho yalipokufa hawakuiacha. Mauwa alikuwa anamwambia yanayoonekana, kaingia wakili, kashika bahasha, yule mama mkwe kakunja uso, na yeye anayashika yanayosemwa.

Shida ilikuwa sauti. Ile televisheni yao bapa spika zake ziko mgongoni, kwa hiyo ilikuwa inaongea na ukuta. Tena uwanja wa ndege uko jirani, ndege zinapita juu ya bati lao, na kila ndege ikipita inameza neno lenye maana kuliko yote.

"Kasema nini?" Fakihi anauliza.

"Hata mie sijasikia."

Jumapili moja binti yao Naima, aliyeolewa Kawe, alikuja kuwaona. Akakaa nao kwenye tamthilia, akamsikia baba yake akiuliza "kasema nini?" tena na tena. Baadaye akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, hii TV inamsaidia nini baba? Mie nitamletea redio nzuri, ya kuchomeka flashi, nimjazie mawaidha. TV niwapelekee watoto, ya kwetu imepasuka kioo. Jumamosi nakuja na kirikuu, tuipakie."

Alisema kwa huruma, na aliamini anatenda wema. Jiko lenyewe limetenganishwa na sebule kwa pazia tu, na Fakihi alisikia kila neno. Akasubiri Mauwa ajibu. Mauwa hakujibu. Kimya kile kilimchoma kuliko maneno ya binti.

Naima alipoondoka akamwita mkewe. "Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, Baba Naima? Kila siku ni kasema nini, kasema nini. Nikadhani umechoka."

"Nimechoka na TV inayoongea na ukuta. Kutazama sijachoka."

Mauwa aliposikia neno lile, kutazama, akakaa kitako. Kisha akamweleza juu ya spika aliyoiona kwa jirani yao Apolonia, ndefu kama rula ya fundi, inalala chini ya televisheni na kuielekeza sauti kwa watu. Wanaiita saundiba. Sauti yake unaisikia mpaka nje kwenye kamba ya nguo.

Kesho yake Fakihi akampigia Stephano, mchongaji mwenzake wa Mwenge, akamwambia aje achukue gogo la mpingo lililokuwa nyuma ya mlango, akamuuzie. Gogo lile alikuwa analitunza kwa siku ambayo macho yangerudi. Stephano alipolibeba, Fakihi alilipapasa mara ya mwisho, akafuata mshipa wa mti kwa kidole gumba mpaka ulipoishia. "Lipeleke," akasema. "Na usinipunje."

Kariakoo walikwenda wenyewe, mume na mke. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, Brightson, na kosa lake lilikuwa lile lile la wengine.

"Mama, mzee anapendelea ya aina gani?"

"Mzee yupo hapa," Fakihi akasema. "Mwulize mwenyewe."

"Samahani, mzee wangu. Basi sikiliza mashine hii, ina sabufa lake la besi." Akaachia muziki wa singeli. Vioo vya kabati vikatetemeka, na watu waliokuwa wanapita nje wakaanza kucheza.

"Zima. Niwekee mtu anayeongea."

"Anaongea nini, mzee?"

"Chochote. Taarifa ya habari, mahubiri, mnada wa mitumba. Nataka kusikia mdomo wa mtu."

Brightson akatafuta taarifa ya habari kwenye simu yake. Katika ile kubwa, mtangazaji alikuwa kama yuko ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa inapiga miluzi kila penye herufi s. Ya tatu ilikuwa fupi, nyepesi, bei ya chini, haina sabufa wala mataa. Lakini mtangazaji alipovuta pumzi, Fakihi aliisikia pumzi. Alipogeuza karatasi, karatasi ikasikika.

"Hii."

"Mzee, hiyo haina besi. Utajuta."

"Besi baki nayo wewe."

Mauwa akatoa simu yake. Alikuwa amepiga picha mgongo wa televisheni kabla hawajatoka, na sasa akamwonyesha Brightson matundu yote. Kijana akaikuza picha. "TV yenu ya zamani kidogo, haina bluutuuthi. Mtatumia huu waya wa mwanga. Unapeleka sauti kwa taa, siyo kwa umeme."

Jumamosi asubuhi wakaifunga ile saundiba. Mauwa akachomeka waya mmoja kwenye umeme, na ule wa mwanga ncha moja nyuma ya televisheni na nyingine nyuma ya saundiba. Fakihi akabonyeza kitufe juu ya saundiba, nayo ikaongea kwa Kiingereza, ambacho alikizoea kwa watalii wa Mwenge, ikitaja njia moja moja kila alipobonyeza, mpaka akaipata njia ya waya ule. Akafurahi. Kumbe kuna kifaa kinachomwambia kipo wapi bila kupitia kwa mtu mwingine.

Halafu kimya. Picha inacheza, sauti hakuna.

Wakiwa bado wanahangaika, kirikuu kikapiga honi nje. Naima akaingia na redio mpya ndani ya boksi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nini hiki tena?"

"Marahaba. Spika ya TV," Fakihi akajibu.

Naima akasikiliza ule ukimya. "Baba, mmeuziwa bovu. Sasa hela imepotea bure, na dereva ananisubiri. Mama, shika upande huo tuishushe."

Fakihi akasogea, akasimama mbele ya televisheni, mgongo wake ukigusa kioo. "Haiondoki."

"Baba, wajukuu zako wanakaa bila kitu! Wewe utaifanyia nini? Huoni!"

Nje honi ikalia tena. Mauwa akashika mdomo. Naima mwenyewe alitamani neno lile alirudishe, lakini lilishatoka.

"Sioni," Fakihi akasema. "Kwani kuna aliyenificha? Mie na mama yako tunatazama TV kila jioni. Sijasema nasikiliza, nimesema tunatazama. Redio yako utaniweka nayo uani, peke yangu, na mama yako abaki humu ndani peke yake. Wajukuu nawapenda, watafutie nyingine. Hii ni yangu, nimeinunua kwa vinyago vyangu, na mie bado sijagawa mirathi."

Naima akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mauwa," Fakihi akaendelea, kama vile hakuna mgeni, "chomoa huo waya, nipe."

Akaushika ncha. Akaupapasa. Kisha akapapasa tundu lililoko nyuma ya saundiba. Tundu lilikuwa na kona, ncha ya waya ilikuwa laini, haina kona. Akaikwaruza kwa ukucha, kikatoka kijifuniko cha plastiki, chembamba kama ganda la kitunguu. Na upande wa pili kilikuwepo kingine.

"Hee!" Mauwa akasema. "Taa nyekundu hii hapa kwenye tundu la TV, inawaka. Na mie niliusukuma na plastiki yake!"

Wakauchomeka upya. Safari hii ukalia tik. Lakini spika ikatoa mkwaruzo tu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

"Unaona?" Naima akasema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

"Sasa ni zamu ya rimoti," Fakihi akamwambia mkewe. "Nenda kwenye mambo ya sauti, unisomee."

Mauwa Kiingereza hakukijua, lakini herufi alizijua. Akawa anazisoma moja moja, akibadilisha, akisikiliza, akirudi. Alipofika kwenye P, C, M, aina ya sauti ambayo spika ile iliielewa, mkwaruzo ukakatika na sauti ya mwanamke ikaingia sebuleni, safi, ikielekeza namna ya kupika mchuzi wa kamba. Kijiko kikagonga sufuria, Fakihi akageuza uso kukifuata.

Mauwa akapiga kigelegele. Kisha akakazia macho kioo. "Ila mdomo wake unatangulia. Anafunga mdomo ndiyo neno linatoka."

"Mie hainisumbui."

"Mie inanisumbua!"

"Basi tutengeneze," Fakihi akasema, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha, kama alivyokuwaga akikaa kazini. "Rudi kule kule kwenye sauti. Tafuta namba ya kuchelewesha au kuwahisha sauti."

Wakashusha namba, wakaipandisha, Mauwa akitazama midomo na Fakihi akingoja aambiwe, mpaka ilipofika sifuri na Mauwa akasema hapo hapo, usiguse tena. Naima alisimama mlangoni muda wote ule, boksi la redio mkononi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyembembeleza.

"Nakwenda," akasema mwishowe.

"Nenda salama, mwanangu. Na redio wapelekee watoto."

Kirikuu kikaondoka kitupu.

Naima hakupiga simu siku iliyofuata, wala siku ya pili yake. Mauwa akawa na wasiwasi, akataka kumpigia. Fakihi akamzuia. "Akasirike kwanza. Ana haki ya kukasirika, na mie nina haki ya TV yangu."

Katikati ya wiki tamthilia ilifika mahali pagumu. Ndugu wote walikuwa mezani kwa wakili, ndege ikapita juu ya bati, na Fakihi hakupoteza hata neno. Ilipoisha tu, simu ikalia. Mauwa akaitazama, akasema ni Naima, akataka kupokea.

"Lete," Fakihi akasema.

"Shikamoo baba." Sauti ya binti ilikuwa na haya kidogo. "Nilikuwa naangalia kwa jirani, huku Kawe umeme ukakatika pale pale wakili anafungua bahasha. Mama yupo?"

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Aniambie ilikuwaje."

"Niulize mie."

Akamsikia binti yake akivuta pumzi.

"Haya, baba. Umeona nini?"

Fakihi akaegemea kochi, akaanza tangu mwanzo.