Jina Nililomwachia Mtoto

Jioni ile nilirudi kutoka ubatizoni mikono yangu ikinukia mafuta ya mtoto, nikajitupa kitandani na kitenge changu cha sherehe. Yustina, ambaye polisi walinituma nijifanye shoga yake, alikuwa amempa binti yake jina langu. "Edina, umepata somo," alinitania mbele ya wageni. "Sasa ukinikimbia, nitakuita kila nikimwogesha!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini mimi si Edina. Naitwa Fausta, askari polisi, na alfajiri wenzangu wangekuja kumkamata kwa dawa bandia za malaria anazouza, vidonge vya chokaa wanavyomezeshwa watoto wa watu. Neno moja kutoka kwangu lingetosha kumtorosha. Nililia mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi isiyo na jua wala kivuli, ardhi yake laini kama majivu, na njia zake zote zikipita mbele ya kibanda cha fundi cherehani aliyeitwa Uongo. Alikuwa mchangamfu, tepu shingoni, pini mdomoni. "Karibu, dada'angu! Gauni limekukaa kama ngozi!" Nikajitazama, kweli nimelivaa. Nilipotaka kulivua, nikaona kila mshono umeshikwa na kiganja kidogo cha mtoto. "Usilivute," akanong'ona, "utamwangusha."

Nikakimbia. Nyuma yangu alikuja Wajibu, mrefu, mzito wa hatua, na kila hatua yake ilinikaribia. Nikamtafuta Huruma, nikiwa na hakika kwamba yeye atanionyesha njia ya kumnusuru rafiki yangu. Nikamkuta ukingoni mwa mto, akikamua vitambaa na kuviweka kwenye mapaji ya nyuso za watoto waliokuwa wakichemka kwa homa, wengi kuliko macho yangu yalivyoweza kuvumilia, na pembeni ya kila mmoja mama yake ameshika kidonge cheupe kwa matumaini.

"Mama, nifiche," nikamsihi. "Wajibu ananifuata."

Hakuinua uso. "Yule ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Nani alikuambia ukimkimbia yeye utanipata mimi?"

"Lakini Yustina ananipenda!"

"Anampenda Edina. Wewe je, unampenda?"

"Nampenda," nikasema.

"Basi usiwaibie watoto hawa ili umpe yeye. Mpe kilicho chako." Akashika upindo wa gauni langu, akavifungua vile viganja kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. "Livue mbele yake. Asije akalikuta limetupwa njiani."

Simu ikaniamsha. Alikuwa Afande Mgaya, mkuu wangu. "Fausta, tunaondoka. Wewe utabaki garini, mtuhumiwa asikuone."

Hapo ndipo nikaielewa ndoto. Usiku kucha nilidhani dhambi yangu ni kumkamata Yustina, kumbe nilichokuwa nakiogopa ni macho yake.

"Hapana, afande," nikasema. "Mlango nitabisha mimi. Na nitamwambia jina langu."

Akaguna, kisha akakubali. Nikavua kitenge, nikavaa sare. Mikono yangu bado ilinukia mafuta, nami nilijua swali la kwanza atakaloniuliza akiniona: mtoto sasa amwiteje?