Gauni Lililofunikwa Shuka

Jirani muuza vifungo alikuwa na habari zake. Alidai kwamba siku wanamapinduzi walipovunja lango la kasri, binti wa mfalme, mrithi wa kiti, hakuuawa wala hakutoroshwa na wajomba zake. Alitolewa mlango wa jikoni, amekunjwa ndani ya kapu la nguo chafu. "Niliona kwa macho yangu haya," akaapa, ingawa mtaa mzima ulijua kuwa siku ile alishinda chini ya kitanda.

Binti wa dobi alikuwa anasuuza mashuka uani, akamwacha aseme. Mama yake ndiye aliyekuwa dobi wa kasri, na siku hiyohiyo alirudi na msichana wa miaka kumi. "Mpwa wangu," akasema, basi. Tangu hapo mpwa hashiki ndoo. Asubuhi anasimama kanyoosha mikono akingoja kuvishwa, na mama anamvisha! Godoro amepewa mpwa. Yeye aliyetoka tumboni mwa mama analala sakafuni, na akiita mara tatu ndipo anaitikiwa.

"Wee binti," jirani akasema, macho kwenye kamba. "Lile gauni dogo mbona limegeuzwa ndani nje, tena likafunikwa shuka? Lako linaungua na jua pale pembeni kama tambara!"

Binti wa dobi akatazama. Mikono ya mama ilikuwa imelianika kwa mazoea ya kasri, bila kumuuliza mwenyewe.

"Si mama yako aliyekuwa akitutambia hapa hapa, eti nguo ya mtoto wa mfalme haitazamani na jua? Na askari bado wanamtafuta, nyumba kwa nyumba. Haya, la nani lile?"

Jibu lilimjia mdomoni, tamu. Neno moja tu, na godoro lingerudi, na mama angerudi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, pasi ya mkaa mkononi. Hakumtazama jirani. Alimtazama bintiye, yeye peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne.

"Mwambie, mwanangu," akasema taratibu. "Nakuomba. Mwambie gauni ni lako."

Binti wa dobi akakamua shuka mpaka tone la mwisho. Kisha akalichovya tena majini, akaanza kulikamua upya, mama angali anamtazama yeye tu.