Mahali pa Herufi A

Fundi akishashika bisibisi, masikio huziba. Ndivyo alivyokuwa Phares Otiende. Mchana alitengeneza mabehewa kwenye karakana ya reli, na jioni, nyumbani kwake Makongeni, hakuna redio wala saa ya jirani iliyosalimika mikononi mwake.

Basi mkewe Rispa, mpiga taipu wa ofisi moja mjini, alipoanza kuumwa vifundo vya mikono hata kushika mwiko ikawa taabu, Phares akaona kazi imemjia. Ofisi ilikuwa imempa Rispa likizo apumzishe mikono, ila kwa sharti: akirudi afanye mtihani wa kasi. Akishindwa, anahamishiwa chumba cha mafaili na taipu aisahau. Na Rispa aliipenda taipu, jamani! Alifundishwa kuipiga mikono ikiwa imefunikwa kitambaa, macho yasione kitu, vidole vyenyewe vijue njia. Kitambaa hicho alikuwa nacho bado, amekikunja vizuri kabatini.

Phares akanunua taipureta kuukuu kule sokoni Muthurwa, akaifungua yote kwenye meza ya kulia. Akavipinda vyuma vinavyobeba vibonye, nusu vikaelekea kushoto na nusu kulia, katikati pakainuka, ili mikono ikae inavyopenda yenyewe. Jirani yao Njogu alipoiona akauliza kama hiyo ni taipureta ama ni paa la choo. Phares hata hakucheka. Alimkalisha Rispa, akampima viganja, akarudi kupinda. Rispa alipoijaribu, uso ukamfunguka. Maumivu yalikuwa yamepungua, tena sana.

Angeishia hapo! Lakini wapi, utamu ulikuwa umemkolea. Akaanza kuchunguza vidole vya mkewe vikiwa kazini, akaona Kiswahili kimejaa A, na A zote hizo kimetwikwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, chembamba, hakina nguvu. Akasema huo ni uonevu. Ataihamishia A kwenye kidole cha shahada, na herufi nyingine zisogee kuipisha.

"Baba Adoyo," Rispa akamwambia, "mikono umeshaniponya. Herufi ziache zilipo."

Alisikia. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, kwamba alisikia vizuri kabisa. Akacheka, akamwambia asiogope vitu vipya, akapasha moto chuma cha kulehemu.

Rispa hakugombana naye. Alimwona mumewe alivyofurahi, akafanya mazoezi kwenye mashine hiyo likizo nzima. Mwanzoni alikoseakosea, halafu akashika kasi hata majirani wakawa wanasimama dirishani kusikiliza. Phares akatembea Makongeni kifua mbele, akitangaza kwamba mtihani umekwisha kabla haujaanza. Katika majigambo yote hayo hakujiuliza jambo ambalo hata mtoto angeuliza: je, kwenye mashine za ofisini A iko wapi?

Siku ya mtihani Rispa akawekwa mbele ya mashine ya ofisi. Macho kwenye karatasi, kama alivyofundishwa, na vidole vikafuata njia aliyovifundisha Phares. Alipotazama alichoandika, hapakuwa na neno lililosomeka. Akajaribu kuvirudisha njia ya zamani, vikachanganyikiwa, vikasimama. Muda ukaisha.

Alirudi nyumbani, hakulia wala hakulaumu. Alisema tu ameshindwa, akauliza kama mtoto wao Adoyo amekula. Phares alitamani atukanwe, afadhali angepata cha kujibu.

Rispa alipoanza kazi kwenye mafaili, Phares alirudisha kila herufi mahali pake, akauacha mpindo wa vyuma ulivyokuwa. Akaifuta mashine, akamwita mkewe. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha. Akaishia kumwambia ajaribu tu, labda mwakani kutakuwa na mtihani mwingine.

Rispa alisimama nyuma ya kiti. Akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akaigusa A bila kuibonyeza.

"Siku hizi mikono haiumi hata kidogo," akasema kwa upole. "Kule kwa mafaili sipigi kitu."

Kisha akatoa kile kitambaa kabatini, akaifunika mashine, akaenda kuepua ugali.