Mkono wa Kufunikia Namba

Jumatano, saa nne kasoro robo asubuhi, fundi wa sare za shule alisimama mbele ya mashine ya pesa iliyo ubavuni mwa benki, mkoba kaubana, watu saba nyuma yake. Alitia kadi. Kadi ilipokuwa inaingia, kidole gumba chake kiligusa ule mdomo wa plastiki unaoimeza, na mdomo ukacheza. Ulicheza kidogo tu, kama kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye haraka. Fundi alikuwa ameshona kwa miaka kumi na tisa, na kidole chake kilijua, bila msaada wa macho, kitu kilichozaliwa na nguo na kitu kilichobandikwa baadaye. Hiki kilikuwa kimebandikwa. Lakini nyuma yake palikuwa na mwanamume anayeguna kwa sababu ya foleni, na fundi akajiambia kwamba mali ya benki ni ya benki, wenyewe wanajua walivyoishona. Akabonyeza namba yake ya siri, akachukua pesa za kitambaa, akaenda zake.

Ijumaa, alipokuwa akipiga pindo sketi ya mwisho ya oda ya shule, simu yake ililia mara sita mfululizo. Jumbe sita za benki zilimweleza kwa adabu kwamba ametoa pesa katika mji ambao hajawahi kuukanyaga, na kila mmoja ukamtakia siku njema. Zilikuwa pesa za macho ya mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari alikwishawapa tarehe ya upasuaji, wiki nne mbele, akawaonya wasichelewe, hasa kwa jicho la kushoto. Fundi alizima cherehani, akavaa viatu vya kutokea, akaenda benki kwa miguu ili hasira ipate pa kutembea.

Afisa wa malalamiko aliitwa na mtaa mzima Bwana Samahani, kwa sababu hakuwa na neno jingine la kuanzia.

"Samahani, mama. Mfumo unaonyesha namba ya siri iliyotumika ni sahihi."

"Nimeibiwa. Ule mdomo wa mashine yenu umebandikwa kitu. Nimeugusa mwenyewe."

"Samahani. Nani mwingine anaijua namba yako?"

"Hakuna! Ni kifua na kiuno cha mama yangu, vya kabla hajakonda. Nani duniani anavijua hivyo isipokuwa mimi niliyempima?"

Bwana Samahani aliandika taratibu. Fundi aliusoma mstari ule juu chini kutoka upande wake wa meza: mteja amethibitisha kwamba hakuna mtu mwingine aijuaye namba. Alitaka kuyarudisha maneno yake, lakini wino ulikuwa umeshakauka. Mafundi cherehani wote wa mtaa ule walitumia vipimo kama namba za siri, kwa kuwa ndizo namba pekee wasizosahau, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba siku moja kujua sana kungemtia hatiani.

"Ndiyo maana tunawashauri wateja wafunike vibonyezo kwa mkono," alisema Bwana Samahani, akaonyesha bango ukutani.

"Mkono mmoja unabonyeza. Wa pili umekamata mkoba, maana foleni yenu nayo ina wenyewe. Wa kufunikia niutoe wapi?"

"Samahani. Hilo ni jukumu la mteja."

Akampa fomu ya kurasa nne. Fundi aliijaza palepale, akairudisha, akatoka. Alikuwa ameshakata shauri. Kama ni jukumu lake, atalitimiza, na akishalitimiza atarudi kudai kila senti.

Jumapili, alipokuwa akianika nguo, alihisi muwasho chini ya kwapa la kushoto. Jumatatu pakawa na uvimbe wa ukubwa wa limau. Jumatano uvimbe ulikuwa na kiwiko. Kufika Ijumaa mkono ulikuwa umekamilika, vidole vitano na kucha zake, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na vitundu vidogo vya sindano, kana kwamba na wenyewe ulikuwa ukishona miaka yote hiyo mahali pengine. Haukuuma. Ulikuwa mwembamba kidogo kuliko ile mingine miwili, na mwepesi kushtuka.

Mama yake aliupapasa kuanzia begani hadi kwenye kucha, kwa vile kuona alikuwa haoni zaidi ya mwanga na kivuli.

"Wa baridi huu. Umekaa siku ngapi bila kuuvisha?"

"Tangu Jumatano, mama."

"Na wewe ndiye fundi! Watu watasema nini? Kata kitambaa." Kisha akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu zile jumbe sita. "Wanasema mkono mmoja haulei mwana. Tuone kama mitatu italea mama."

Fundi alishona mikono ya ziada kwenye magauni yake yote manne. Jirani aliyeleta sare ya kupunguzwa aliutazama mshono wa kwapa, akausifu, akauliza kama mkono wa tatu unaongeza bei.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake, fundi alikwenda kwenye mashine ile. Hakuwa na pesa za kutoa. Alikwenda kuikagua. Mkono wa kulia ulikamata mdomo wa kadi na kuuvuta kwa nguvu, wa kushoto ulipita juu ya vibonyezo kutafuta kitu kilichoinuka, na wa tatu ulipapasa kile kibaraza cha juu ambako kamera ndogo hupenda kujificha. Kisha alisimama kando na kuwafundisha waliomo kwenye foleni, kwa sauti ileile aliyotumia kuwagombeza wanafunzi wa ushonaji. Vuta kwanza. Mdomo ukicheza, usitie kadi. Funika, hata kama uko peke yako. Kadi ikikwama usiondoke, na yeyote akija kukusaidia, msaada wake mkatae. Wazee walimpenda. Wenye haraka walimwita Mama Vuta, na baada ya siku chache na wao wakawa wanavuta.

Siku ya tisa, kabla fundi hajaikagua mashine, kadi ya mwalimu mmoja mstaafu ilikwama. Papo hapo akatokea mwanamume wa shati lililopigwa pasi vizuri, kitambulisho shingoni, sauti kama asali.

"Pole, mzee. Bonyeza namba yako tena, taratibu, nikuelekeze."

Mkono wa tatu wa fundi ukatua juu ya vibonyezo na kukaa hapo.

"Dada, namsaidia mzee."

"Naona. Msaidie ukiwa umesimama kule."

Mwanamume yule alitabasamu, akatazama saa yake, akaondoka bila kukimbia. Fundi alimuuliza mlinzi wa benki kama anamfahamu. Mlinzi akasema ndiyo, huja kila Jumanne na kila Ijumaa, ni fundi wa mashine.

"Kitambulisho chake kinasemaje?"

Mlinzi alifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kukisoma. Huwa kimegeuka."

Ndipo fundi alipoushika mdomo wa mashine kwa mikono yote mitatu. Ulitoka kwa sauti ya zipu inayokatika. Nyuma yake kulikuwa na utepe wa gundi, waya mbili, na kijibati kidogo kilichokuwa kikisoma kadi za watu kabla mashine yenyewe haijazisoma. Kadi ya mwalimu ikateleza nje, nzima. Foleni haikupiga makofi. Mtu wa tatu aliuliza kama sasa mashine inatoa pesa.

Fundi aliingia benki na kukiweka kitu kile juu ya meza. Moyo ulikuwa ukimdunda kwa furaha. Ushahidi huu hapa, alifikiri, na bado siku kumi kabla ya tarehe ya daktari.

"Samahani," alisema Bwana Samahani, "ngoja nikipokee rasmi." Akakifungia kikaratasi chenye tarehe, akafungua kabati la chuma nyuma yake ili akiweke.

Ndani ya kabati kulikuwa na midomo mingine kumi na mmoja, imepangwa kwenye rafu kama viatu dukani, kila mmoja na kikaratasi chake. Macho ya fundi yalizoea kusoma namba ndogo kwenye futi ya kupimia. Alisoma tarehe. Wa kwanza ulikuwa umebanduliwa miaka miwili iliyopita. Wa mwisho ulikuwa umebanduliwa kwenye mashine ileile, wiki moja kabla ya Jumatano yake. Mwenye kuubandika alirudi tu na mwingine.

"Mlijua," alisema.

"Samahani, mama. Hizo ni taarifa za ndani."

"Mlijua, mkaiacha mashine inafanya kazi, mkaniambia ni mimi."

"Dai lako linashughulikiwa."

Fundi hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akasema atasubiri jibu. Alisubiri siku hiyo na siku nne zilizofuata, akija na sketi zake za kupiga pindo ili asipoteze muda. Mikono miwili ilishona na wa tatu ulikaa juu ya meza ya Bwana Samahani, kiganja kimefunguliwa. Wateja wengine walimpisha. Mfagizi alifagia kumzunguka.

Siku ya tano jibu lilifika, limechapwa vizuri. Kamati ilikuwa imepitia dai na kupeleka mtu kumkagua mdai. Ukaguzi ulithibitisha kwamba mteja ana mikono mitatu, mmoja ukiwa huru kabisa wakati wa muamala. Kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kufunika namba yake, na hakufunika. Dai limekataliwa.

"Mkono huu umeota baadaye!" fundi alisema. "Umeota kwa sababu yenu!"

"Samahani. Fomu haina mahali pa kuandika mkono umeota lini."

Tarehe ya daktari ikapita. Fundi alilia usiku mmoja, kwa kwikwi, uso kwenye mto, na mkono wa tatu ukimpigapiga mgongoni. Asubuhi aliamka akakaa kwenye cherehani. Wakati huo mwalimu mstaafu alikuwa ameshaota wa kwake, na muuza viatu, na wanawake wawili wa sokoni, na mlinzi wa benki mwenyewe, aliyeuficha ndani ya koti hadi fundi alipomshonea mahali pa kuupitisha. Benki ilibadilisha bango. Jipya lilisema kwamba mteja asiye na mkono wa tatu anaitumia mashine kwa hiari yake, na benki haitawajibika. Mwanamume wa shati la pasi aliendelea kuja Jumanne na Ijumaa, kwa kuwa siku zote palikuwa na mtu ambaye wake haujaota bado.

Mikono ya nguo ililipa. Fundi alishona mchana na jioni kwa miezi mitatu, hakumkopa mtu, na pesa hakuzipeleka benki. Alizishonea ndani ya godoro la mama yake, mshono ambao hata yeye alihitaji dakika kumi kuufumua. Kisha akampeleka mama hospitali.

Daktari alipima, akapima tena, akaketi. La kulia linafaa, alisema. La kushoto presha ilipanda ndani yake wakati wa kungoja, limekufa, na hakuna kisu cha kulifufua. Fundi alihesabu kimoyomoyo ile miezi mitatu na akataka kusema kitu, lakini mama alimtangulia.

"Basi nipe hilo moja, daktari. Nina kazi nalo."

Bandeji ilipotolewa, mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Akasema amekonda. Akautazama mkono wa tatu ambao alikuwa akiujua kwa kupapasa tu, akasema umefanana na wa marehemu dada yake. Kisha akaomba apelekwe benki.

Waliingia saa nne na nusu. Mama alikataa kushikwa. Alitembea mwenyewe hadi dawati la malalamiko, akakaa, akaweka mikono yake miwili magotini, akamtazama afisa usoni kwa jicho lake la kulia.

"Samahani, bibi. Nikusaidie nini?"

"Hakuna. Nimekuja kukuona."

Bwana Samahani akangoja. Mama alimtazama alipopokea simu, alimtazama alipofungua kabati na kuweka mdomo wa kumi na tatu, alimtazama alipokunywa maji. Mchana ulipoingia, afisa alifungua droo, akatoa fomu ya kurasa nne, akamsogezea kwa vidole viwili.

Mama alikuwa hajasoma chochote kwa miaka miwili. Aliisoma fomu yote, neno kwa neno, akifuata mistari kwa kidole, mbele na nyuma, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Alipofika mahali pa sahihi aliikunja mara mbili, akairudisha mezani tupu.

"Kesho mnafungua saa ngapi?" aliuliza.