Kimea cha Durban

Mwalimu Misheck Kaberia hakuwahi kuvua viatu mbele ya watu hadi alipofika Durban. Mwanawe Mwiti, mhandisi katika jiji hilo la Afrika Kusini, ndiye aliyewaalika yeye na mkewe Wawira kutoka kijiji chao cha Nchiru waje kupumzika ufuoni wiki mbili. Siku mbili za kwanza mzee alikunja suruali, akaingia majini hadi vifundoni, akacheka kama mtu anayetekenywa. Siku ya tatu mvua ikaanza alfajiri, na hakuna aliyetaka kuiona bahari.

"Basi twendeni tukaone kiwanda cha rafiki yangu," Mwiti akasema. "Kidogo tu. Wanatengeneza vinywaji vya kienyeji."

Misheck alidhani ni maji ya matunda. Walipovuka mlango tu, harufu ikamfikia kabla macho hayajazoea mwanga hafifu wa ndani. Pombe! Aligeuka kumtazama mwanawe.

"Baba, ni kutazama tu. Hakuna atakayekunywesha."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Mwiti."

Hata hivyo nje mvua ilikuwa inamwagika kama maji ya ndoo, akabaki. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani. Mwenye kiwanda, mama wa makamo wa Kizulu mwenye aproni, akawaonyesha mapipa ya chuma yanayong'aa, kisha sinia pana la mtama uliochipushwa na kukaushwa. Mwiti alikuwa akimtafsiria mamake.

Wawira akachota punje kidogo, akazitafuna polepole. Akatema maganda kiganjani.

"Mwambie kimea hiki kilianikwa mapema," akamwambia mwanawe. "Mizizi ilikuwa bado mifupi. Pombe yake haitakuwa tamu, itakuwa majimaji. Aache siku moja zaidi."

Mwiti akatafsiri huku anacheka. Mwenye kiwanda hakucheka. Alimshika Wawira mkono, akasema kwamba pipa zima limemharibikia wiki hiyo na hakujua kwa nini. Akampeleka kwenye lile pipa. Wawira akainama, akanusa, akauliza maji yalikuwa na moto kiasi gani, na uji ulikaa muda gani kabla ya kutiwa kimea. Maswali yalimtoka moja baada ya jingine, kama mtu anayeulizia jamaa zake.

Misheck aliondoka mlangoni, akasogea karibu. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu karibu miaka arobaini. Alijua anavyokohoa. Alijua ni wimbo gani wa kanisa unaomliza. Huyu aliyeinama kwenye pipa alikuwa nani?

"Mama Mwiti," akaita, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Haya umeyajulia wapi?"

Wawira akanyooka. Akaenda kuketi kwenye benchi karibu na dirisha.

"Kwetu Mbeere kila msichana aliyajua. Lakini niliyafanya kwa ajili yako, Baba Mwiti. Ile miaka miwili uliyokuwa chuo cha ualimu."

"Uliniambia uliuza mbuzi."

"Mbuzi walikufa kwa kiangazi mwezi wa kwanza tu. Sikutaka uache masomo. Nikapika pombe hii ya marwa na Teresia, nyuma ya ghala lake."

Teresia! Jina hilo Misheck alilijua vizuri. Desemba ya mwaka 1983, akiwa kijana aliyetoka tu kumaliza chuo na kuokoka, yeye ndiye aliyewaongoza askari wa chifu hadi kwa jirani yao Teresia. Yeye ndiye aliyefunua majani ya migomba yaliyoficha mtungi wa pombe haramu na kunyoosha kidole. Teresia alifungwa miezi minne. Alipotoka, Misheck alisimama kanisani akataka jina lake lifutwe kwenye orodha ya washiriki wa Meza ya Bwana, na likafutwa.

"Mtungi ule..." akasema.

"Ulikuwa wangu. Wake ulikuwa umekwisha siku iliyotangulia." Wawira alikuwa analia sasa, bila sauti. "Nilitaka kusema. Nilikuwa na mimba ya Mwiti. Teresia alinikazia macho mbele ya askari, akasema, 'Ni wangu.' Baadaye akaniapisha ninyamaze."

Mwiti alikuwa amesimama kati yao. Mwenye kiwanda hakuelewa neno hata moja, lakini alizima mashine yake.

"Teresia anajua kwamba sijui?" Misheck akauliza.

"Anajua. Kila Jumapili akipita nje ya kanisa, anajua."

Misheck alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, akaikosa. Alichokipata kilikuwa uso wa Teresia siku ile, namna ulivyotulia. Yeye alikuwa ameuita utulivu huo ugumu wa moyo. Alikuwa ameuhubiri!

"Nipe namba yake," akamwambia mkewe.

Simu iliita mara mbili, ikapokewa, Misheck akajitaja.

"Mwalimu Kaberia?" sauti ya Teresia ilijaa hofu, maana Misheck hakuwahi kumpigia. "Ni nani amekufa? Ni Wawira?"

"Hakuna aliyekufa. Wawira ameniambia. Ule mtungi."

Kuku walisikika wakilia upande wa pili, huko Nchiru.

"Nimekukosea," Misheck akasema. "Nisamehe."

"Hapana," Teresia akajibu. "Si kwa simu. Uliniaibisha kwa miguu yako, utakuja kwa miguu yako. Na ulinifuta mbele ya watu."

Akakata.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, Misheck alikwenda kwanza kwa miguu hadi kwa Teresia kuomba msamaha, kisha akasimama mbele ya kanisa lote, akasimulia yote, hata sehemu ambazo Wawira alimwambia angeweza kuziacha. Watu wakanong'ona, wengine wakatoka. Wiki hiyohiyo alivuliwa uzee wa kanisa. Jina la Teresia likarudishwa. Teresia mwenyewe alikaa miezi mitatu bila kuja, na alipokuja aliketi benchi moja na Wawira, akamwacha Mwalimu atafute mahali pengine.